Mwandiko Usio na Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa kwa sababu niliwahi mno. Maktaba ya mkoa pale Sumbawanga ilikuwa inafunguliwa saa mbili asubuhi, mimi nikawa mlangoni saa kumi na mbili na nusu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na baridi ya Ufipa ikanitia adabu. Nikajibanza kwa mama mmoja muuza uji. Nikanywa, nikapata joto, nikasinzia. Kuamka ni saa mbili na dakika ishirini, na uji uliobaki kikombeni uko kwenye gauni langu jipya.

Mkutubi wa Mkoa, mkubwa wangu wa kwanza, alikuwa mwanamume mrefu asiyependa kupoteza maneno. Akatazama saa ya ukutani, akatazama gauni.

"Wewe ndiye Skolastika?"

"Ndiyo, mkuu."

"Kaa."

Hiyo ndiyo hotuba yote ya kunikaribisha katika utumishi, nami nimekaa humo mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Nawaandikia nyie mlioingia kazi hii mkakuta kompyuta mezani. Sisi kompyuta yetu ilikuwa kabati la mbao lenye droo nyembamba nyembamba. Ndani ya droo kuna kadi, kila kitabu na kadi yake, ukubwa wa kiganja, ina tundu chini ambamo ulipita ufito wa chuma ili mtu asiinyofoe. Hiyo ndiyo katalogi. Kadi hiyo ilikuambia mwandishi ni nani, kitabu kinaitwaje, na kiko rafu gani. Na kwa kuwa taipureta ilikuwa moja kwa mkoa mzima, tena haikuwa na herufi "a", kadi tuliziandika kwa mkono.

Si kwa mkono wowote, lakini. Kulikuwa na mwandiko wa maktaba. Herufi zinasimama wima, hazishikani mikono, matumbo yake ya mviringo, hakuna mkia wa madaha. Mkutubi wa Mkoa alinikalisha miezi miwili naandika kadi za mazoezi, yeye anazichana.

"Msomaji akivuta droo," aliniambia, "asijue kadi hii umeandika wewe, nimeandika mimi, au ameandika marehemu. Mwandiko wa maktaba ni mwandiko usio na mwenyewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mkuu."

"Hujaelewa. Hiyo 'k' yako inacheza ngoma."

Nilijifunza mpaka mama yangu akawa anapeleka barua zangu kwa mjumbe, akidhani ameandikiwa na serikali.

Baada ya miaka miwili nikapangiwa Mpanda. Siku hizo Mpanda ilikuwa wilaya tu ya Rukwa, jina la Mkoa wa Katavi halijazaliwa. Nilisafiri juu ya lori la chumvi na mahindi, nikipita pori lile nimefumba macho, na abiria mwenzangu akinihesabia wanyama nisiotaka kuwaona. Lazima niseme ukweli wangu mapema: mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishavua viatu, hata nyumba ya jirani iungue nitaulizia habari dirishani. Nilipata chumba Majengo, nikanunua kiti kimoja kizuri, na tangu hapo kila barua ya uhamisho niliijibu kwa kuugua.

Maktaba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na stoo, na ilikuwa imefungwa zaidi ya mwaka. Dada aliyekuwa mkutubi kabla yangu hakuja kazini siku moja, na hakuja tena. Wengine walisema ameolewa Kigoma, wengine walisema alirudi kwao akafa, na mzee wa duka la jirani alisema hakumbuki kama kulikuwa na dada yeyote pale. Nilikuta sweta yake ya kijani kwenye mgongo wa kiti. Nikaifua, nikaikunja, nikaiweka stoo, nikaendelea na kazi. Sikuwa mtu wa kuuliza maswali.

Ndipo ikaja barua ya Mkutubi wa Mkoa: kila maktaba ianzishe kipindi cha wasichana wa sekondari, cha kuwajengea kujiamini na usawa. Nikaenda posta kumpigia simu.

"Mkuu, mimi mwenyewe naogopa kuongea mbele za watu. Naogopa hata jogoo wa mwenye nyumba."

"Basi utajua wanachoogopa," akasema, akakata simu.

Na kweli kipindi kilihitajika. Siku za kawaida wavulana walikalia viti vyote, wametanua magoti kama wafalme, na wasichana wakisoma wamesimama kwenye rafu, begi mgongoni, tayari kukimbilia kisimani. Nikaitenga Alhamisi, saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, kwa wasichana peke yao. Wavulana walilalamika wiki mbili, wakazoea.

Walikuwa kumi na mmoja, wa kidato cha pili na cha tatu. Sitawataja wote. Kabula alitoka Kakese, mtoto wa wafugaji Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, sauti yake ilikuwa ya kuita mifugo ng'ambo ya bonde. Zainabu alikuwa binti wa mfanyabiashara wa hapa hapa Majengo, msafi, mpole, daftari zake zimefunikwa kwa karatasi ya maua. Na Spesioza, aliyejiunga wa mwisho, alitoka Litapunga, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi. Yeye alizaliwa hapa, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, lakini aliishi mjini kwa shangazi yake kwa kibali, karatasi yenye muhuri inayomruhusu kutoka makazini ili asome. Alitembea nayo ndani ya soksi.

Kazi nilizowapa ni hizi. Kila Alhamisi mmoja alikuwa mkutubi wa zamu: anakaa kaunta, anagonga muhuri wa tarehe, na saa kumi na moja mlango ukifunguliwa kwa wote ndiye anayewaambia watu "hapana". Hapana, kitabu hiki hakitoki nje. Hapana, siku zako zimepita. Kusema "hapana" ukiwa umeketi, mtu mzima amesimama mbele yako, kunafundisha haraka kuliko semina. Spesioza katika zamu yake ya kwanza alimkatalia mwalimu wake wa hesabu atlasi, kwa upole, mara tatu. Mwalimu alipoondoka, yule mtoto akatetemeka robo saa, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kazi ya pili ilikuwa sanduku la maswali. Kila msichana anapewa kadi tupu moja ya katalogi, anaandika analoona haya kuuliza, anatumbukiza kwenye sanduku lenye tundu. Asiye na swali anachora mstari, ili asijulikane nani analo na nani hana. Kisha kadi zinatolewa, msichana mmoja anasimama anasoma kwa sauti, na wote tunakwenda rafuni kutafuta jibu.

Lakini wasichana hawakuandika. Wiki ya kwanza kadi zote zilirudi na mistari.

"Dada Skola," Kabula akaniambia, "hapa kila mtu anamjua mwenzie kwa mwandiko. Nikiuliza mambo ya mwezini, hawa watanicheka mpaka nizeeke."

Hapo ndipo nilipojiona nina akili sana. Nikawafundisha mwandiko wa maktaba. Wiki nne tuliandika herufi wima, nikachana kadi kama nilivyochaniwa, na mwisho hapakuwa na mwandiko wa Kabula wala wa Zainabu. Kwa macho ya mtu wa kawaida, namaanisha. Mimi bado niliwajua: Kabula alikandamiza kalamu hadi kadi ikatoboka, matumbo ya herufi za Zainabu yalikuwa yameshiba, na mistari ya Spesioza, alipojiunga baadaye naye akajifunza, ilipanda kidogo kama inakwea kilima. Maswali yakaanza kumiminika. Kama msichana anaweza kuwa dereva wa treni. Kama damu ikichelewa ni ugonjwa. Kama baba anaruhusiwa kisheria kuuza baiskeli uliyoshinda wewe.

Alhamisi ile Spesioza alipotumbukiza kadi kwa mara ya kwanza, nilitoa kadi kumi na moja, nikapokea kumi na mbili.

Nilidhani nimekosea kuhesabu. Kadi ya kumi na mbili iliandikwa kwa mwandiko wetu, safi, ikasema: "Mtu akinyamaza miaka mingi, sauti yake huenda wapi?"

Tukatafuta jibu kwenye kitabu cha sayansi ya mwili, tukasoma habari za koo. Hakuna aliyeridhika.

Alhamisi iliyofuata nilihesabu mara tatu, kwa kidole. Kumi na moja. Wakaandika. Nikafungua sanduku: kumi na mbili. "Nikisema hapana, nitabaki na nani?"

Sasa, mkutubi ana dawa ya kila kitu, nayo ni muhuri. Wiki iliyofuata niligonga muhuri wa tarehe nyuma ya kila kadi kabla ya kuigawa, muhuri nikaufungia kwenye droo ya meza yangu, na ufunguo nikautia kifuani, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuwa na hamu ya kutafuta kitu. Kadi zikarudi kumi na mbili. Zote kumi na mbili zilikuwa na muhuri nyuma, tarehe ya siku ile, wino ule ule wa zambarau. Ya kumi na mbili ilikuwa bado mbichi, ikanipaka kidole gumba.

Ilisema: "Mbona mimi huniiti jina?"

Kila kipindi kilianza kwa mahudhurio. Niliita majina kumi na moja, kila mmoja anasimama anajibu "Nipo" kwa sauti ya kufika barabarani. Zainabu ndiye aliyekuwa msomaji siku ile. Aliisoma kadi ile amesimama, wazi wazi, kama nilivyowafundisha, akaketi. Kesho yake akaamka hana sauti.

Mafua yalikuwepo mjini, hilo nalijua. Nusu ya Majengo ilikuwa inakohoa. Lakini siku tatu mtoto alifungua mdomo hakutoka kitu, na kule nyumbani kwao hadithi ya kadi ilishafika. Mama Zainabu akaja maktabani, mwanamke mkubwa aliyevaa khanga mbili mpya. Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele.

"Mwalimu, hiyo kadi ilianza lini?"

"Mimi si mwalimu, mama. Mimi ni mkutubi."

"Ilianza lini?"

Nikasema. Na nilipokuwa nasema, nikasikia nilichosema: ilianza siku ya kwanza ya Spesioza kutumbukiza kadi.

"Ahaa," akasema Mama Zainabu, taratibu. "Yule wa makazini."

Hiyo ndiyo dhambi yangu katika habari hii, na haihitaji mizimu. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, nikatoa tarehe. Mkutubi akiulizwa, hujibu.

Wiki ile ile akaja ofisa mmoja kutoka wilayani, idara yake nisiitaje, mtu mwenye faili na mwavuli. Aliambiwa kuna binti anawaandikia wenzake mambo ya kichawi. Akanieleza taratibu zake kama mtu anayesoma tangazo la ratiba: Alhamisi atakuja, wasichana wote wataandika sentensi moja mbele yake, atalinganisha na zile kadi tatu. Mwandiko ukiwa wa yule mkimbizi, ataandika mstari mmoja tu kwenye faili, na kibali kinarudi. Kule Litapunga sekondari hakukuwa. Mstari mmoja, na Spesioza angerudi kulima mihogo akiwa na kidato cha pili na nusu.

"Na mwandiko usipojulikana?" nikauliza.

"Mwandiko hujulikana tu, dada. Mwandiko ni kama sura."

Nikabaki peke yangu kaunta. Nilijua ofisa amesema kweli. Mimi ningemjua Spesioza kwa mstari wake unaokwea, na mtu yeyote akikaa na kadi mbili pamoja angeliona hilo. Nikazitoa zile kadi tatu kuzitazama vizuri, jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa. Mistari haikukwea. Matumbo hayakushiba. Kadi haikutoboka. Lakini kila "t" ilikuwa na kofia iliyoinama upande wa kulia, kama ukingo wa paa linalochuruzika. Nilikuwa nimeiona "t" ile mahali.

Nikaenda kwenye katalogi, nikavuta droo. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Kadi za zamani, zilizoandikwa kabla sijaja, mamia. Kila "t" ilikuwa na kofia yake imeinama kulia.

Nilirudisha droo polepole, ili isitoe sauti, sijui nilikuwa nachelea kumsumbua nani. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda nyumbani, nikakaa kwenye kiti changu kizuri. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Ofisa? "Mheshimiwa, mshukiwa wako ni dada wa sweta ya kijani"?

Alhamisi mvua ilianza saa nane mchana. Saa tisa ukumbi ulikuwa na giza la kuhitaji taa, na umeme ulikuwa umekatika. Ofisa alikaa kwenye meza yangu. Mama Zainabu alisimama mlangoni, hakutaka kiti cha humo ndani. Zainabu alikuja na shali shingoni, sauti yake imeanza kurudi, nyembamba kama uzi. Spesioza alikaa katikati, mikono juu ya meza. Niliwaita majina. Walijibu "Nipo" kumi na moja. Nikanyamaza kidogo kabla ya kufunga daftari, na nikamwona Kabula ananitazama.

Ofisa akasoma sentensi ya kuandika. Alichagua kadi ya pili. "Nikisema hapana, nitabaki na nani?" Kalamu kumi na moja zikaenda pamoja. Mvua ilikuwa nzito juu ya bati, lakini mimi nilisikia kalamu.

"Wekeni hapa," akasema.

Wakapita mmoja mmoja, wakazipanga kadi mezani. Ofisa akachukua ile ya asili, akaiweka juu ya kadi ya kwanza. Kisha ya pili. Akasimama, akaenda nazo karibu na dirisha. Akarudi. Akazipanga upya, safu mbili, kama mtu anayecheza karata na mshindani asiyemwona.

Nikasogea nione. Hapakuwa na kadi iliyotoboka. Hapakuwa na herufi iliyoshiba, wala mstari uliokwea. Zilikuwa kumi na moja, na zote zilikuwa za mkono mmoja, na juu ya kila "t" kulikuwa na kofia imeinama kulia. Miaka yote nimetazama mwandiko wa watu, sijaona kitu kama kile. Na wasichana wale, niliowafundisha mwenyewe, walikaa wananitazama kwa utulivu, kama wanangoja mimi nijisikie vizuri.

"Nani ni nani?" ofisa akauliza.

"Sisi hatujui, mheshimiwa," Kabula akajibu. "Tumechanganya."

"Hii ni ya nani?" Akainua moja bila mpangilio.

Zainabu akanyanyua mkono wake. Mama yake akaja mpaka mezani, akaishika kadi ya mwanawe kwa mkono mmoja na ile ya asili kwa mkono wa pili. Akatazama huku, akatazama kule. Sijawahi kuona mtu akizeeka haraka vile. Akaziweka chini zote mbili, kwa adabu, akamtengenezea mtoto wake shali vizuri shingoni, akasema, "Mimi nilisema tu nilivyosikia."

Ofisa akanigeukia. "Dada, wewe ndiye uliyewafundisha hivi?"

Mimi hapo nilipaswa kusema maneno makubwa. Nilikuwa nimeyaandaa tangu Jumatatu, nimeyasema mbele ya kioo. Nikayasema.

"Sikusikii," akasema ofisa.

Nikasema tena.

"Mvua, dada. Paza."

Nikasimama. Nikashika kaunta. "Nimesema huu ni mwandiko wa kazi! Nimewafundisha mimi. Ukimwondoa Spesioza kwa mwandiko, ondoa wote kumi na mmoja, na binti wa huyu mama akiwemo. Na mimi niandike wa kumi na mbili!"

Ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Baadaye muuza duka jirani aliniambia alidhani kuna moto. Ofisa alifunga faili lake bila kuandika kitu, akaaga kwa haraka, akaondoka kwenye mvua ile akiwa ameuacha mwavuli wake. Nilimpelekea ujumbe mara mbili aufuate. Hakuufuata, wala hakumtuma mtu.

Spesioza alibaki. Alimaliza kidato cha nne mjini, kibali chake kikiwa soksini. Zainabu alipata sauti yote, akawa mbishi, mama yake akanilaumu na kwa hilo.

Alhamisi iliyofuata nilitoa kadi kumi na moja, zikarudi kumi na moja. Na iliyofuata, na zote zilizofuata. Katika ripoti kwa Mkutubi wa Mkoa niliandika kwamba kipindi kinaendelea vizuri. Sikuandika kwamba nilikuwa nafungua sanduku kwa haraka, nahesabu, na moyo wangu unashuka. Nilizoea kubaki dakika kumi baada ya kufunga, nimekaa tu, mimi niliyekuwa nakimbilia nyumbani kabla kengele haijalia. Sikujua namngoja nani. Siku moja nilijikuta nimeitoa ile sweta stoo na kuirudisha kwenye mgongo wa kiti.

Nimestaafu muda sasa. Nilihudumu vituo viwili tu, Sumbawanga na Mpanda, na kwa mtu wa aina yangu hivyo ni vingi. Mkitaka ushauri wangu kuhusu vipindi vya wasichana, ni mdogo. Wapeni viti. Wapeni muhuri. Msiwafundishe ujasiri kama somo, wapeni kitu cha kukatalia watu. Na mtu akikuuliza tarehe, fikiri kwanza anaitakia nini.

Mwaka jana Spesioza alikuja kuniona. Ni muuguzi, mwanamke mzito wa heshima, raia kama wewe na mimi, ana miwani. Aliniletea mihogo na kuku, jogoo, ambaye nilimwomba amfungie nje. Tukanywa chai. Nikaona sasa tumekuwa watu wazima wote, naweza kuuliza.

"Spesi, zile kadi. Nani alikuwa anaandika?"

Akaweka kikombe chini. "Dada, nawe bado unatuuliza?"

"Nauliza."

"Sisi tulijua tangu wiki ya pili. Kabula alikwenda kufungua droo za katalogi, akatuita tuone. Mwandiko ule ule, ile 't' yenye kofia. Tukasema, ni dada. Nani mwingine ameandika kadi zote hizi? Na muhuri unao wewe." Akanisogelea kidogo. "Na maswali yale, dada. Yalikuwa ya mtu mwoga sana. Tukasema, masikini, naye ana haya ya kuuliza, ndiyo maana anatumbukiza na ya kwake."

Nikasukuma kikombe changu kando.

"Habari ya ofisa ilipotufikia, Zainabu alikuwa hawezi kuongea, akaandika kwenye daftari: tusimtaje dada. Mimi nilikuwa tayari kurudi Litapunga. Lakini Kabula akasema, nyie, tumefundishwa mwandiko, tuutumie. Siku tatu tulifanya mazoezi ya hiyo kofia, kwa shangazi yangu, uani. Hatukufanya kwa ajili yangu peke yangu. Wewe ungefukuzwa kazi."

"Spesi," nikasema. "Droo zile sikuziandika mimi. Nilizikuta. Mimi 't' yangu imenyooka, njoo nikuonyeshe. Haikuwa mimi."

Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyowashika wagonjwa wake wakisema hawaumwi.

"Sawa, dada," akasema. "Haikuwa wewe."